Neno la Tatu

Mgonjwa anaweza kumngoja daktari asubuhi nzima na bado akahesabika amelazwa. Bila shuka, hajalazwa, amewekwa tu. Kwa hiyo kila kitanda katika hospitali ile, kuanzia wodi ya wazazi mpaka ya waliovunjika miguu, kilipita kwanza mikononi mwa mwanamke mmoja mfupi, mpana wa mabega, aliyekaa ghorofa ya chini nyuma ya kaunta ya mbao na cherehani mbili. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho cha kazi. Wauguzi, walinzi, madaktari, hata wagonjwa waliorudi mara ya pili, walimwita Mama Shuka, naye aliitika.

Shuka ikitoka kufuliwa, aliinyanyua mbele ya dirisha akaacha jua lipite ndani yake. Yenye tundu la kupitisha kidole ilikwenda cherehani. Yenye tundu la kupitisha ngumi ilikatwa, ikawa foronya. Iliyochoka kabisa ikawa tambara la kupigia deki. "Hapa hatutupi kitu," aliwaambia wasaidizi wapya. "Tunashusha vyeo tu."

Nyuma ya kaunta kulikuwa na chumba cha pili, ambamo shuka zilizoshushwa vyeo zilingoja zamu yao. Kilikuwa na dirisha pana lililotazama ua, sinki lenye maji ya uhakika, na sakafu ya saruji iliyong'arishwa na miaka ya mafurushi kuburutwa. Chumba hicho ndicho alichoamua kukitoa.

Sababu alikuwa nayo, na hakuisimulia ovyo. Mama yake mzazi alifia ghorofa ya pili ya hospitali hiyohiyo. Baba alikuwa Mwislamu, mama Mkristo, na watoto waligawana: Mama Shuka alishika njia ya baba, kaka yake akashika ya mama, na nyumbani hakuna aliyeona ajabu. Ajabu ilikuja hospitalini. Siku mama alipozidiwa, kaka alitafuta pa kuomba, akasimama kwenye ngazi, mlinzi akamwondoa kwa kuwa anaziba njia. Mama Shuka naye alishuka mpaka ua wa kufulia, akatandika khanga nyuma ya mapipa ya takataka. Muuguzi alipotoka wodini kuwaita ndugu wa mgonjwa, benchi lilikuwa tupu. Aliita, akaita tena, akarudi ndani peke yake. Waliporudi, kila mmoja kutoka upande wake, shuka ilikuwa imeshafunika uso.

Ilikuwa shuka nzima, isiyo na tundu. Mama Shuka alikuwa ameikagua mwenyewe.

Baada ya hapo alibana mafurushi yake yote katika chumba kimoja, akapandisha rafu mpaka dari, akapanda kwa katibu wa hospitali kuomba kile cha pili kiwe mahali pa jamaa za wagonjwa, wa dini yoyote, wakae, waombe, na waweze kuitwa wakapatikana.

Katibu alikuwa mtu wa haki lakini aliyechoka. "Mama, mimi nimeamua ugomvi wa feni, wa maegesho, wa ufunguo wa choo cha wafanyakazi. Ugomvi wa Mungu siuwezi."

"Hakuna ugomvi."

"Utakuwepo. Kwa hiyo sikia. Nataka jina moja mlangoni, lililokubaliwa na pande zote mbili, kabla wakaguzi wa wizara hawajafika. Sitaki kila upande uje kunishtakia kwamba chumba ni cha mwenzake. Likipatikana jina, chumba chako. Lisipopatikana, naweka mashine mbovu za eksirei."

"Jina tu?" aliuliza Mama Shuka.

"Jina tu," alisema katibu, akacheka kidogo, kama mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati.

Mama Shuka aliteremka ngazi akiimba. Jina ni nini? Mtoto huzaliwa asubuhi, jioni ana matatu.

Aliwaita watu wawili. Wa kwanza alikuwa Ustadh, kijana wa dirisha la dawa, mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, aliyewaswalisha wafanyakazi wenzake mchana nyuma ya maabara. Wa pili alikuwa Mzee wa Kanisa, mpima ardhi mstaafu, ambaye tangu alipomuuguza mkewe hakuacha kuja hospitalini kutembelea wagonjwa, wake na wasio wake. Mtu wa tatu alikuwa fundi wa kuandika mabango, Fundi Herufi, aliyefika mapema na ngazi yake, makopo mawili ya rangi na hasira ya kuwahi mahali ambapo wengine hawajawahi.

"Tuanze kwa salamu," alisema Mama Shuka, na papo hapo akajua amekosea, maana Ustadh alifumbua kinywa, na Mzee akafumbua chake. "Habari za mchana zinatosha," akawahi.

"Nzuri," waliitika wote wawili, shingo upande.

"Jina lenyewe liko wazi," alisema Mzee. "Chumba cha Sala. Fundi, anza."

Fundi Herufi akapanda ngazi, akachovya brashi.

"Mzee wangu, kwa heshima zote," alisema Ustadh, "sisi tunaswali. Iandikwe Chumba cha Swala. Kwa wau."

Mzee alivua miwani. "Swala ni mnyama, mwanangu. Ana pembe. Mgonjwa akisoma Chumba cha Swala atadhani tunafuga."

"Na akisoma Sala atajua kina wenyewe."

"Kwa herufi moja?"

"Wewe umepima mashamba, mzee. Watu hupigania upana gani?"

Mzee alitaka kukasirika, akajikuta anacheka puani. "Nimewahi kuona ndugu wakipigania upana wa kiatu," alikiri. "Lakini wau siitaki."

Maneno ya dini husafiri kama watu. Neno moja hutoka nyumba moja, likaingia mji kwa njia mbili, likavaa huku kanzu na kule suruali, likaja kupishana na nafsi yake barabarani lisijijue. Wenye kulitumia nao hawalijui la jirani yao. Kila mmoja anaamini lake ndilo lililozaliwa hapa. Mama Shuka hakuwa na haja na safari hizo. Alitaka neno la kukaa mlangoni.

"Basi Maombi," alisema.

"Maombi ya siku hizi?" Ustadh alitikisa kichwa. "Kipaza sauti mkononi, jasho, watu kuangushwa. Wagonjwa watapona kwa kukimbia."

"Dua, je?"

"Kwetu ukisema dua," alijibu Mzee, "bibi kizee wa kwanza atauliza anasomewa nani, na kwa kosa gani."

"Ibada."

Ustadh alitazama dari. Mzee alirudisha miwani. Lilikuwa neno la wote. Ndipo muuguzi mkuu, aliyekuja kuchukua shuka za wodi ya wazazi na kusimama kusikiliza kama watu wasikilizavyo ugomvi usiowahusu, akatia mkono kiunoni. "Ibada? Jumapili mniletee kwaya na kinanda chini ya watoto wangu wachanga? Thubutuni!"

"Hakuna kinanda, dada," alisema Mzee.

"Leo hakuna. Ninawajua." Akabeba shuka zake akaondoka.

Mama Shuka alifikiri. Aliona kwa macho ya moyo kile kipande cha jamvi alichorithi kwa baba yake, mahali pa mtu na Mola wake, safi, padogo. "Nimepata!" alisema. "Tuandike Chumba cha Msala."

Watu wakatazamana. Kisha juu ya ngazi Fundi Herufi akaanza kutikisika, ngazi ikatikisika naye, na tone la rangi likaanguka kwenye kiatu cha Mzee.

"Mama," alisema Fundi akijifuta machozi kwa kiwiko, "msala kwenu ni jamvi. Lakini mgonjwa akiuliza msalani ni wapi, unamwelekeza wapi?"

Mama Shuka alijifunika uso kwa shuka iliyokuwa mapajani. "Chooni," alisema ndani ya shuka.

"Na sinki limo humohumo," alisema Ustadh. "Watakuja wameshika tumbo."

"Chumba kitajaa, hilo nakubali," alisema Mzee, na wote wanne wakacheka mpaka mlinzi akaja kutazama. Mama Shuka alipofunua uso alidhani kicheko kimemaliza kazi. Hakikumaliza. Waliporudi kwenye hoja, kila mmoja aliikuta pale alipoiacha, na Ustadh aliitwa dirishani kwake, na Mzee akasema lazima aulize wenzake kanisani, kwa maana hawezi kuwafungia mkataba wa neno bila wao.

Hapo ndipo walipoona kwamba Fundi hakukaa bure. Juu ya mlango, kwa herufi za buluu zilizonyooka kama uzi, yalikuwepo maneno mawili: CHUMBA CHA.

"Hayo hayana ugomvi," alisema, akishuka. "La tatu mkilipata, niiteni. Na mkinipotezea tena siku, nitawaandikia Chumba cha Ubishi, bure, zawadi yangu."

Neno la tatu halikupatikana wiki ile, wala iliyofuata. Mama Shuka alikwenda mpaka nyumbani kwa Mzee, akakaribishwa kiti kizuri, akaelezwa kwa upole kwamba wenzake wamegoma. Alikwenda dirisha la dawa akapanga foleni kama mgonjwa, na zamu yake ilipofika akasema, "Nina maumivu ya neno." Ustadh alicheka, akamwambia waumini wake wamesema wakikubali herufi leo, kesho wataambiwa wakubali sentensi.

"Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Ustadh aliangalia foleni iliyokuwa nyuma ya Mama Shuka. "Mimi nasema ningekuwa peke yangu ningekubali. Lakini mimi si peke yangu, Mama Shuka. Hata yule mzee si peke yake."

"Mgonjwa ndiye peke yake," alisema Mama Shuka, akaondoka bila dawa.

Wasaidizi wake walimshauri aache. Mmoja alimwambia wazi, "Mama, mbona unajisumbua? Chumba ulikuwa nacho chako, sasa unaomba ruhusa ya kukigawa."

"Ndiyo," alisema Mama Shuka, "na nitaendelea kuomba mpaka wachoke kunikataza."

Na hakungoja jina. Kila asubuhi alifungua ule mlango, akapiga deki, akafungua dirisha. Aliweka mabenchi mawili upande mmoja. Upande wa pili alitandika mikeka aliyoshona kwa blanketi zilizoshushwa vyeo. Akamwendea muuguzi mkuu, akamwambia, "Ukimtafuta ndugu wa mgonjwa, mtafute kwangu kwanza." Watu wakaanza kuja. Mwanzo walichungulia. Kisha wakakaa. Na kwa kuwa kila mahali lazima paitwe kitu, wagonjwa na jamaa zao, wasiojua habari ya kamati, walisoma kilichoandikwa wakakichukua kama kilivyo.

"Shemeji yuko wapi?"

"Yuko Chumbacha."

Mlinzi wa lango akawa anaelekeza watu: nyoosha, pinda kulia, ukifika Chumbacha ngazi ziko mbele yako. Siku moja mwanamke mmoja aliyetoka mbali, na bahasha ya picha za mifupa kwapani, alisimama mbele ya kaunta akaomba kumwona Daktari Chumbacha.

"Daktari nani, mama yangu?"

"Chumbacha. Nimeona jina lake mlangoni. Nimeambiwa watu wakitoka kwake wametulia."

Mama Shuka alimtazama kama anatania, akaona hatanii. Alimpeleka ndani, akampa nafasi kwenye benchi. "Yuko," alimwambia. "Kaa, atakuona."

Mzee, aliyekuwa ndani na mgonjwa wake, alisikia, akainamisha kichwa mabega yakicheza. Jioni hiyohiyo Ustadh alikuwa amekipata kisa, na kila aliyekuja dirishani kwake na karatasi isiyosomeka aliulizwa kama ameandikiwa na Daktari Chumbacha.

Lakini kicheko si jina, na wakaguzi walikuwa njiani. Asubuhi moja Mama Shuka alisikia magurudumu koridoni. Wabeba mizigo wawili walikuwa wanasukuma mashine kuukuu, shingo yake ndefu ya chuma imelala upande, na nyuma yao katibu wa hospitali, faili kifuani.

"Mama Shuka," alisema, si kwa ubaya. "Tulisemezana."

"Tulisemezana." Alitoka nyuma ya kaunta akasimama mlangoni mwa chumba, mikono kando. Mlango ulikuwa wa kawaida, naye alikuwa mpana. "Jina bado."

"Basi."

"Basi nini? Kuna watu ndani."

"Watu nitawaombea radhi mimi mwenyewe. Lakini nikiacha chumba kisicho na jina leo, kesho kitakuwa na mabwana wawili. Tushike makubaliano yetu, mama."

"Makubaliano yetu nimeyashika," alisema. Hakusogea. "Nimewabembeleza, nimepanga foleni, nimenywa chai za watu. Jina sikupata. Sasa nakuambia jina si kitu nilichokuwa nakitaka. Nilikitaka chumba. Ukitaka kuweka mashine, nipitie mimi."

Wabeba mizigo waliegemea mashine yao. Nao walikuwa na wake waliozaa ghorofa ya juu, na mmoja alikuwa amewahi kulala usingizi mtamu kwenye benchi la ndani. Hakuna aliyeonyesha haraka.

Mzee wa Kanisa alitokeza nyuma ya bega la Mama Shuka. Alikuwa ndani muda wote. Na Ustadh, aliyeitwa na mtu, alikuja akikimbia na koti lake la kazi, kalamu sikioni.

"Mheshimiwa katibu," alisema Mzee, "usiseme hatujakubaliana. Tumekubaliana."

"Jina gani?"

"Maneno mawili ya mwanzo."

"Na la tatu?"

"La tatu tunaendelea nalo," alisema Ustadh, akihema.

"Mpaka lini?"

Ustadh alimtazama Mzee kuanzia viatu mpaka kofia. "Mzee huyu ana afya nzuri. Itachukua muda."

"Na kijana huyu ana kichwa kigumu," alisema Mzee. "Tumebishana kwenye ngazi, tumebishana kwenye dirisha la dawa, watu wanapanga foleni wanatungoja. Tunaomba chumba cha kubishania. Hiki kinatufaa."

"Mnanitania?"

"Hapana, bwana," alisema Ustadh, na safari hii hakutabasamu. "Wenzangu hawataki neno lake. Wenzake hawataki langu. Lakini nimewauliza wenzangu kama wanataka mashine, hakuna aliyetaka mashine."

"Nami kwetu nimeuliza," alisema Mzee. "Hivyohivyo."

Katibu alifungua faili, akalifunga. Ndipo muuguzi wa ghorofa ya pili alipoteremka ngazi kwa haraka, akasimama koridoni, mkono mmoja kwenye ukuta, akaita:

"Ndugu wa mama wa kitanda cha dirishani! Ndugu wa kitanda cha dirishani!"

"Tupo!" sauti mbili ziliitika ndani ya chumba, kwa pamoja. Mama Shuka alisogea, kwa mara ya kwanza. Walitoka mwanamume aliyenyanyuka mkekani na mwanamke aliyenyanyuka kwenye benchi, wakapita katikati ya katibu na mashine yake, wakapanda ngazi nyuma ya muuguzi wakiwa wameshikana mikono ya nguo ili wasiachane.

Mama Shuka alitazama ngazi mpaka nyayo zilipopotea juu. Kisha akarudi mlangoni, akasimama palepale.

Katibu naye alikuwa ametazama. Malalamiko ya jamaa waliotafutwa wasionekane yalijaza droo nzima ofisini kwake, na zaidi ya yote yeye ndiye aliyekuwa anayajibu. Alitazama juu ya mlango, akasoma tena yale maneno mawili kana kwamba huenda la tatu lilikuwepo na yeye hakuliona.

"Wakaguzi wakiniuliza hiki ni chumba cha nini?"

"Waambie waingie," alisema Mama Shuka. "Wakitoka, watakuambia wao."

Katibu alipuliza pumzi. Akawageukia wabeba mizigo. "Pelekeni ghala la nyuma."

"Ghala limejaa, mkuu."

"Basi jibaneni. Mama huyu alibana mafurushi yake mpaka dari, mashine moja itawashinda?" Akaanza kuondoka, akasimama. "Siku nikisikia ugomvi humo ndani, mama, ni mimi na wewe."

"Utausikia," alisema Mama Shuka. "Lakini wa sauti ya chini."

Mashine iligeuzwa kwa shida, ikakwaruza ukuta, ikaondoka. Mzee wa Kanisa akashika mkono wa Ustadh, akautikisa kwa nguvu kama wanaoagana baada ya kuuziana shamba, kisha akaingia ndani kumalizia mazungumzo na mgonjwa wake.

"Mzee!" aliita Ustadh.

"Naam."

"Viatu."

Mzee alitazama miguu yake. "Vina nini?"

"Umekanyaga mkeka."

"Nimekanyaga pembeni."

"Pembeni ya mkeka ni mkeka."

"Mwanangu, mimi nimepima ardhi miaka mingi kuliko umri wako, usinifundishe mpaka uko wapi..."

"Semeni polepole, watu wanaomba," alisema Mama Shuka, akapita katikati yao. Alikuwa amebeba ubao mrefu uliobaki kwenye rafu zake na matofali mawili, na alikuwa anatafuta mahali karibu na mlango ambapo ungekaa bila kuyumba.

"Hiyo ya nini sasa?" waliuliza wote wawili.

"Ya viatu," alisema, akipiga magoti. "Mzee, shika huku. Ustadh, shika kule. Mkishashika, endeleeni."